Udhia niliouweka mlangoni mwa mama

Katika kamati ya msikiti wetu hapa Upanga ipo kanuni ambayo mimi, kwa kuwa ni katibu, ndiye mlinzi wake. Hakuna kitu cha msikiti kinachonunuliwa, hata kiwe ndoo ya kudekia, mpaka yaletwe makadirio ya bei kutoka maduka matatu, yajadiliwe, na sababu ya kuchagua moja na kuyaacha mawili iandikwe katika daftari la muhtasari. Wazee huniona mkali. Mmoja wao aliwahi kusema kwa mzaha kwamba mimi hata nikipewa kokwa ya tende nitaomba risiti.

Nalitaja hili mwanzo ili ndugu msomaji aupime uzito wa kosa nitakalolieleza. Mtu huyu huyu anayedai makadirio matatu ya ndoo aliichagua sakafu ya baraza la mama yake kwa alasiri moja, kwa kuitazama tu.

Baba yetu, Allah amrehemu, alifariki mwaka juzi. Alituachia nyumba ndogo ya zamani, mojawapo ya zile chache za Upanga ambazo bado hazijabomolewa kupisha maghorofa. Mbele yake lipo baraza lenye sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu. Baba alikulia Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na baraza linaloitazama njia. Alipohamia Upanga alisema kwamba nyumba isiyo na baraza ni sanduku. Hapo ndipo alipokaa kila siku baada ya sala ya Alasiri. Hapo alipokea salamu za wapita njia, akapatanisha majirani waliogombana, na akatufundisha sisi wanawe alifu kwa ujiti. Mama alikaa upande wa pili, karibu na mlango, akichambua mchele au akivuta tasbihi.

Mama alipoingia eda, sisi watoto watatu tuliafikiana jambo. Sakafu ile nyekundu ilikuwa imepasuka, na pembeni saruji ilikuwa ikimeguka. Tuliona vyema kwamba itakapotimia miezi minne na siku kumi, mama atoke na kukuta baraza jipya. Kaka yetu mkubwa, aliyeko Muscat, akatuma fedha pamoja na picha za majumba ya huko yenye sakafu za mbao zilizopakwa mafuta, nje kabisa, kando ya bustani. Mdogo wangu wa kike alitaka vigae, hivi ambavyo wengi mjini tunaviita marumaru. Mimi nikajifanya mwamuzi. Nikashuka Kariakoo, nikapita maduka mawili, na katika la tatu nikaona vigae vya rangi ya maziwa vinavyong'aa hata nikauona uso wangu ndani yake. Nikavilipia pale pale.

Fundi alipofungua boksi la kwanza alikinyanyua kigae, akapitisha kiganja chake juu yake, akaniambia, "Ustadhi, hivi ni vya chumbani. Huku nje mvua inafika. Vitakuwa na utelezi."

Nikamjibu kwamba vinapendeza na kwamba mama atatandika mkeka. Fundi akanyamaza. Fundi anayeheshimu kazi yake husema mara moja, na akipuuzwa hufanya alichoagizwa.

Mama alipotoka eda akaliona baraza, alitushukuru na kutuombea dua. Majirani walilisifu. Miongoni mwa waliokuja kumsalimu, wapo waliovua viatu wenyewe mlangoni wakidhani wamekwishaingia sebuleni. Mimi nikaona fahari.

Mvua za vuli zikaanza. Mama alikuwa na desturi ya kutoka barazani baada ya sala ya Alfajiri na kuleta nyiradi zake mpaka jua lichomoze. Asubuhi moja ya mwezi wa Novemba, wakati sisi wanaume tuko msikitini, alitoka akiwa na kandambili, maji ya udhu bado hayajamkauka miguuni, na mvua ya usiku imelowesha sakafu. Niliporudi nilimkuta amelala kwa ubavu, tasbihi iko mkononi, hapigi kelele. Alikuwa anangoja turudi. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Sitaeleza mengi ya hospitalini. Alifanyiwa upasuaji, akalala wiki nyingi, na hadi leo anatembelea fremu na kuswali akiwa ameketi. Katika muda wote ule hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Siku moja tu, nilipokuwa nikimkanda miguu, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, sakafu ile mliwajengea wageni."

Kila aliyesoma madrasa anaijua hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayotufundisha kwamba imani ina matawi mengi, la juu kabisa ni kumpwekesha Allah, na la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Nimeifundisha kwa watoto mara nyingi, nikitoa mifano ya miiba, mawe na maganda ya ndizi. Usiku ule niliporudi nyumbani niliitazama sakafu yangu na kuona kwamba mimi sikuondoa udhia. Nilitoa fedha, nikamlipa fundi, nikauweka udhia mlangoni mwa mama yangu, tena baada ya kuonywa.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nikachukua daftari, kama katibu. Lakini swali la kwanza niliandika jipya. Siku ile Kariakoo nilijiuliza ni kitu gani kinapendeza. Sasa nikaandika: Nani atakanyaga hapa, kwa mguu wa namna gani, na katika hali gani ya hewa? Nikajibu: mama mwenye umri wa miaka sabini na mbili, mguu mtupu au kandambili, maji ya udhu, fremu ya kutembelea, wajukuu wanaotambaa, jua la saa nane, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya mwisho wa mwaka, na hewa ya chumvi, kwa kuwa bahari haiko mbali nasi. Baada ya hapo nikaanza kutembea.

Nilianza na mbao, kwa ajili ya kaka. Niliwaendea maseremala wa Keko, ambao ni watu wa kusema ukweli ukiwauliza kwa adabu. Walinieleza kwamba mbao zinazostahimili nje si za kila mti. Mvule na mkongo huvumilia mvua na mchwa kwa miaka mingi. Mninga nao ni mgumu kwa mchwa na haujikunji sana ukikauka. Msaji, ambao wengi siku hizi tunauita mtiki, una mafuta yake ya asili yanayoukinga na maji, na unapandwa hapa nchini, kwa mfano katika mashamba ya Longuza, Muheza, na Mtibwa mkoani Morogoro. Lakini walinionyesha jambo la kuangalia: mti uliovunwa ukiwa mchanga huwa na sehemu kubwa ya nje iliyo nyeupe, na sehemu hiyo huoza na kuliwa, hata kama kiini cha mti huo huo kinadumu. Kwa hiyo anayenunua kwa jina la mti tu bila kutazama rangi ya ubao anaweza kununua jina.

Mbao za nje zina masharti mengine. Hazilazwi kwenye udongo, bali huinuliwa ili hewa ipite chini. Kati ya ubao na ubao huachwa nafasi ya milimita tano hivi ili maji yashuke. Misumari ya kawaida katika hewa yetu ya pwani hushika kutu na kuacha machozi meusi juu ya mbao, hivyo zinahitajika skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Na kila mwaka mbao hupakwa mafuta. Nilijiuliza ni nani nyumbani kwetu atakayepaka mafuta hayo, nikajua jibu. Tena mtoto anayetambaa hukutana na vibanzi, na fremu ya mama ina miguu myembamba inayoweza kunasa katika nafasi zile.

Kuna paini iliyotiwa dawa, yenye rangi ya kijani kibichi, ambayo bei yake ni nafuu. Paini yenyewe bila dawa haina maisha marefu nje. Lakini dawa moja iliyotumika sana duniani kwa mbao hizi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Huko Marekani watengenezaji waliacha kuitumia kwa mbao za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003, kwa hofu ya watoto wanaochezea sakafu kisha wakatia mikono kinywani. Nilimuuliza muuzaji mbao zake zimetiwa dawa gani. Hakujua. Kwa nguzo ya uzio labda ningenunua. Kwa mahali ambapo mjukuu analala kifudifudi, nikapita.

Zipo pia mbao za plastiki iliyochanganywa na unga wa mbao. Mchwa hazili, na hazidai mafuta. Nilikanyaga kipande kilichoanikwa juani saa nane mchana, nikaondoa mguu haraka. Zaidi ya hayo, joto huzirefusha, hivyo fundi asipoziachia nafasi hupinda.

Vigae navyo sikuvihukumu vyote kwa kosa langu. Nilijifunza kwamba aina ile ngumu ya kung'aa hainywi maji karibu kabisa, na ndiyo maana maji hubaki juu yake kama mafuta. Vipo vigae vyenye uso wa kukwaruza vilivyotengenezwa mahususi kwa nje. Katika baadhi ya maboksi huandikwa herufi R na namba kuanzia 9 hadi 13. Namba ikipanda, mshiko wa mguu unaongezeka. Kwa mahali panapolowa, wajuzi hushauri 11 au zaidi. Nilikwenda kulitafuta boksi langu la zamani stoo. Lilikuwa limeandikwa 9. Habari ile ilikuwapo tangu siku ya kwanza, imechapwa ubavuni mwa boksi, na mimi mwenye stashahada ya chuo sikuisoma.

Katika safari hiyo ya Keko lilinikabili jambo jingine ambalo familia za Kiislamu yafaa tulizungumze. Mfanyabiashara mmoja aliniita pembeni akaniambia anao mninga mzuri wa bei ya chini, lakini unaletwa usiku na hauna karatasi. Sisi ambao tunasoma maandishi ya kila pakiti ya biskuti kutafuta mafuta ya nguruwe, je, tunauliza ubao umetoka wapi? Mti wa msitu wa hifadhi ni mali ya umma. Kuukata bila kibali ni kuchukua haki ya watu wengi, wakiwamo wasiozaliwa bado. Mbao halali ina kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu na hati ya kusafirishia, na muuzaji mwaminifu haoni aibu kuombwa karatasi hizo. Nilimshukuru yule bwana nikaondoka. Baraza ambalo mama atalitumia kuleta nyiradi halifai kuwa na ubao wa wizi.

Kaka hakuridhika. Alinipigia simu akasema, "Fedha ipo, kwa nini unamfanyia mama kitu cha kimaskini?" Nilimjibu kwa jambo tulilosoma chuoni, ambalo sikuwahi kulifikiria kama somo la ujenzi. Amepokea Imamu Bukhari kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba msikiti wa Mtume (s.a.w.) ulijengwa kwa matofali ya udongo, nguzo zake magogo ya mtende na paa lake makuti ya mtende. Sayyidna Abubakar hakuongeza kitu. Sayyidna Umar aliupanua kwa vifaa vile vile. Kisha Sayyidna Uthman akaubadilisha, akaweka kuta na nguzo za mawe yaliyochongwa, kwa chokaa, na paa la mbao ziitwazo kwa Kiarabu saji. Hapo ndipo lilipotoka jina letu la msaji. Basi ubao anaoupenda kaka una heshima kubwa: umefunika msikiti wa Madina. Lakini msikiti ule ulipokuwa wa makuti, mvua ilivuja hadi Mtume (s.a.w.) akasujudu katika maji na tope, na sala haikupungua chochote. Na pembeni mwake palikuwa na suffa, mahali palipotiwa kivuli pa kukaa masikini wasio na kwao, ambapo Abu Huraira (r.a.) alikuwa mmoja wao. Sijui baraza lililowahi kutoa wanazuoni zaidi ya lile, nalo lilikuwa la makuti.

Nikamkumbusha pia maneno ya Khabbab (r.a.), aliyesema, wakati akijenga ukuta, kwamba Muislamu hulipwa thawabu kwa kila anachokitoa isipokuwa kile anachokiweka katika udongo huu. Wanazuoni wameeleza kwamba hilo ni kwa ujenzi unaozidi haja. Haja ya mama ilikuwa kukaa na kutoanguka. Kila tulichoongeza juu ya hapo kilikuwa haja yetu sisi. Kaka alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Fanya kinachomfaa mama."

Mwishoni tulirudi kwenye saruji, kama ile ya baba. Nilimtafuta fundi yule yule niliyempuuza, nikamwomba radhi mbele ya watoto wangu, naye akacheka akaanza kuvunja. Mchanganyiko ulikuwa ule wa kale: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, mchanga ukiwa wa mtoni, si wa baharini, kwa kuwa chumvi hula nondo. Sakafu ilipewa mwinamo wa sentimita moja na nusu kwa kila mita ili maji yakimbilie bustanini. Kabla haijakauka, fundi aliburuza ufagio wa chelewa juu yake, ikabaki na mistari midogo inayoushika mguu bila kuuchubua. Tulitia rangi nyekundu ndani ya mchanganyiko wenyewe, na kwa siku saba tuliinywesha maji asubuhi na jioni ili isipasuke. Palipokuwa na ngazi mbili tuliweka mteremko mpana wa fremu. Mninga tuliununua kidogo, wenye karatasi zake, kwa ajili ya kishikio cha mkono na benchi lililo chini ya paa, mahali ambapo ubao unagusa mkono wa mtu na haupigwi na mvua. Gharama yote haikufika nusu ya tuliyotumia mwanzo.

Mwezi uliofuata kamati yetu ilikaa kupitisha vigae vipya vya mahali pa kutawadhia. Makadirio matatu yalikuwa mezani, yamepangwa vizuri, na la bei ya chini lilikuwa la vigae vya kung'aa. Kwa kanuni yangu mwenyewe, shauri lilikuwa limekwisha. Nikaomba ruhusa ya mwenyekiti, nikaleta ndoo ya maji, nikaviweka vigae vitatu sakafuni, nikavimwagia, nikamwomba mzee wetu mkubwa kuliko wote avue viatu na kuvigusa kwa unyayo huku nikimshika mkono. Kwenye kile cha kwanza mguu wake ulikimbia. Hakuna aliyesema neno. Tulichukua vya kukwaruza, na katika daftari la muhtasari, penye nafasi ya sababu, niliandika: Vimejaribiwa na mguu wa mzee.

Ndugu msomaji unayetaka kujenga au kukarabati baraza, roshani au ua wa nyuma, sikuagizi ununue saruji. Huenda nyumba yako inastahili msaji, na Allah amekupa uwezo na muda wa kuutunza. Ninachokuomba ni kwamba kabla ya kulipa uchukue kipande kimoja nyumbani. Kimwagie maji, kikanyage kwa mguu mtupu. Kianike juani mpaka saa nane, kikanyage tena. Uliza kimetoka wapi na kimetiwa nini. Soma ubavu wa boksi. Na fundi akikwambia neno, simama umsikilize, kwa kuwa yeye ameona watu wakianguka.

Mama sasa hukaa barazani kila alasiri, mahali alipokuwa akikaa baba, akiitazama njia. Mtume (s.a.w.) aliwausia masahaba wanaokaa njiani waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Mama hutimiza haki hizo akiwa amekaa, na wapita njia wameanza kumzoea kama walivyomzoea baba. Juzi mvua ya ghafla ilimkuta hapo nje. Nilitoka mbio ili nimshike. Nilipofika mlangoni nilikuta ameshasimama na fremu yake, anatembea polepole juu ya sakafu iliyolowa. Akaniambia, "Rudi ndani mwanangu, utalowa."

Wabillahi tawfiq.